Mke Mwenza wa Bertrams

Bi Tabia alipokea kikombe cha chai kutoka kwa mjukuu wake Nusaiba, akakipuliza, akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akujalie." Zabibu alikuwa amepiga magoti mlangoni anafunga kapu la vyakula vya njiani. Kusikia hivyo akaacha kufunga.

Si kwamba maneno yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Huyu mkwewe aliyezaliwa Tanga, akakulia Tanga na kuolewa Tanga, hakuwa mtu wa kumwombea dua mjukuu wa kike kwa sababu ya kikombe cha chai. Alipaswa kukionja, kukunja uso na kuuliza ni nani aliyeoshea miguu humo. Mjukuu alipaswa kujibu. Na hapo wangeendelea kurushiana mpaka chai ipoe.

Hivyo ndivyo alivyoanza, hata hivyo. Siku aliyotua Johannesburg, kabla hata ya kumkumbatia mwanawe Burhani, Bi Tabia alisimama katikati ya uwanja wa ndege na buibui lake jeusi, akamtazama Nusaiba kuanzia kichwani hadi kwenye raba.

"Huyu ndiye anayenigombania mume?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mabawabu. "Mbona hana hata mashavu! Mzee kapofuka."

Burhani akacheka. Zabibu naye akacheka, machozi yakamlenga, maana alikuwa hajasikia utani wa namna hiyo tangu bibi yake mwenyewe afariki Pangani. Kwao mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo yeye na bibi yake ni wake wenza. Watachambana, watanyang'anyana vitu, watatangaziana vita kila asubuhi, na siku mmoja akiugua mwenzake ndiye hatoki kitandani pake. Hakuna anayemweleza mtoto jambo hilo. Mtoto anazaliwa analikuta kama anavyokuta jua na mvua.

Nusaiba alizaliwa akakuta Bertrams, mtaa wa Johannesburg. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Kiswahili alikielewa chote, hakuna neno lililompita, lakini mdomoni mwake kilikuwa kinatoka kwa kusukumwa. Nyumbani alijibu kwa Kiingereza, na chini uani, pamoja na wenzake, alipiga Kizulu kama maji. Babu yake aliyeko Tanga alimjua kwa salamu za simu tu: hajambo, shikamoo, marahaba, basi. Sasa huyu bibi aliyemsubiri kwa mwaka mzima, aliyemchorea kadi ya kumkaribisha yenye maua na neno "Gogo", yaani bibi kwa Kizulu, kwa wino wa dhahabu, alikuwa anamwambia kila siku kwamba ana shingo ya birika. Kwamba wali hakuupika, aliutesa. Kwamba akirudi Tanga atamwambia mzee ampe talaka kwa kuwa mke mdogo hajui hata kufagia chini ya kochi.

Mtoto alinyamaza. Zabibu alidhani ni haya, akasema moyoni atazoea.

Kisha mwalimu wa darasa akapiga simu.

"Samahani, Mama Nusaiba," mwalimu alisema kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya vioo, "nyumbani kuna mipango yoyote ya ndoa?"

Zabibu alikuwa karakana ya ushonaji, mtaa wa Doornfontein, anakunja upindo wa sare za shule, pini nne mdomoni. "Ndoa ya nani?"

"Ya Nusaiba. Leo amelia darasani. Anasema bibi yake amekuja kutoka Tanzania, anamwita mke mwenza, na kuna mzee huko anayemsubiri."

Pini zilitoka zote. Ilimchukua Zabibu muda mrefu kumweleza mwalimu kwamba mzee huyo ni babu wa mtoto mwenyewe, na ukisema hivyo kwa Kiingereza mambo ndiyo yanazidi kuharibika. Clémentine, msusi Mkongo aliyepanga kiti kimoja dirishani katika karakana ile ile, alisikia yote. Alicheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Eish, Mama Nusaiba! Ata kwetu Lubumbashi ni vile vile. Kambo, bibi yangu, aliniita mupinzani mpaka siku ya kufa. Lakini mimi nilijua kama ni kicheko. Wewe mutoto yako hukumwambia?"

"Sikujua kama huwa inaambiwa," Zabibu alijibu.

Burhani ni fundi simu, na matatizo yote huyatazama kama simu mbovu: fungua, toa kilichoharibika, funga. Jioni ile ile alimkalisha mama yake sebuleni. "Mama, mtoto analia shuleni. Utani uache."

Bi Tabia alijifunga vizuri mtandio. Akasema, "Haya."

Alipoacha, aliacha kweli. Mke mwenza akawa "mwanangu". Kejeli zikawa dua. Nusaiba akipita, bibi anajisogeza kumpisha kama abiria asiyemjua. Burhani alifurahi. "Unaona, mama Nusaiba? Nyumba imetulia."

"Imetulia kama ya msiba," Zabibu alisema.

Lakini angefanya nini? Bi Tabia alikuwa mkwewe, na kati ya mkwe na mkwe kuna ukuta wa heshima ambao hata kicheko kinavuka kwa kubisha hodi. Huwezi kumwendea mama mkwe ukamwambia, tafadhali mtukane binti yangu. Na siku zilikuwa zinayoyoma. Jumapili ndege ilikuwa inamrudisha Bi Tabia, na alikwisha kusema wazi, huku anakunja kanga zake, kwamba hatakuja tena. "Ndege nimepanda hii, sipandi nyingine. Magoti yamekataa. Nimekuja kuwaona, nimewaona." Nusaiba alikuwa amesimama pale pale, ameshika ncha ya pili ya kanga. Bibi akaipokea ile ncha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anapokea zawadi kwa mgeni.

Safari ilikuwa wazo la Burhani. Walikwisha kumpeleka mama yake kwenye maduka makubwa yote, naye kila mara alirudi na kauli ile ile: duka ni duka. Alichotaka kukiona ni jangwa. Maisha yake yote amelisikia kwenye mawaidha na hadithi, hajawahi kulikanyaga. Ikawa ndiyo likizo ya Julai, Burhani akaazima gari la rafiki yake Twalib, akatangaza kwamba wanakwenda Augrabies, ambako Mto Orange unaanguka ndani ya korongo katikati ya jangwa. Kwenda siku nzima, kulala, kuona, kurudi.

Wakatoka baada ya alfajiri, baridi inauma masikio, robot zote za Bertrams, taa za barabarani, zikiwaka kijani kana kwamba zimepewa taarifa. Bi Tabia aliketi mbele na blanketi magotini. Nyuma alikaa Zabibu katikati, huku Nusaiba, kule mdogo wake Ishaka wa miaka mitano.

"Mume wangu," Bi Tabia alimwita Ishaka kabla hata hawajatoka mjini, "umekojoa? Maana wewe ukioa utamlowesha mke."

Ishaka akapiga kelele za furaha. "Wewe ndiye unakojoa!"

"Mimi? Subiri nikuache barabarani uolewe na mbuni."

Zabibu alimwona Nusaiba anageuza uso kutoka dirishani. Alikuwa anamtazama mdogo wake anavyotukanwa, na macho yake yalikuwa ya mtoto anayetazama wenzake wanagawiwa keki.

Barabara ikanyooka. Mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yakapita, yakaisha, nyasi zikawa za njano, kisha chache, na walipoipita Kuruman udongo ukawa mwekundu na mbingu ikawa kubwa kuliko ilivyo haki. Bi Tabia alinyamaza njia nzima ile. Mara moja tu alisema, "Mola ana nafasi." Walivuka Upington wakaufuata mto, na ghafla jangwa likawa na mistari ya mizabibu iliyopukutika majani, maili kwa maili, na kando ya barabara vibanda vya kuuza zabibu kavu.

Burhani akasimamisha gari. "Mke wangu anauzwa kwa kilo huku! Na bei nafuu."

"Waulize kama wanarudisha chenji wakimchukua mume," Zabibu akajibu. Mara akakumbuka nani ameketi mbele, akafunga mdomo kwa mtandio. Bi Tabia alitazama mbele, lakini bega lake lilitikisika.

Burhani na mama yake wakaenda kibandani na Ishaka. Zabibu akabaki akinyoosha miguu, na Nusaiba akamjia, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Mama," alisema kwa Kiingereza, "kwa nini Gogo ameacha?"

"Ameacha nini?"

"Kunitukana. Ishaka anamtukana bado. Ishaka hata kazi za nyumbani hafanyi."

Zabibu aliegemea gari. Alimweleza, kwa Kiswahili, polepole, mambo aliyopaswa kumweleza kabla ndege haijatua. Alimwambia kuhusu bibi yake wa Pangani aliyemwita kunguru, na yeye akamwita nazi mbovu. Kwamba mjukuu aliyetukanwa zaidi na bibi huyo kati ya wote kumi na watatu ndiye aliyepewa naye herufi za kwanza za Kurani, na sinia lake la shaba. Kwamba adabu ni ya watu wa mbali.

Nusaiba alisikiliza, anauchora mchanga kwa ncha ya raba. "Kwa hiyo nilimsemea kwa mwalimu, na alikuwa ananipenda."

"Ndiyo."

"Na sasa ananiombea dua."

"Ndiyo."

"Mwambie aanze tena."

"Mimi siwezi. Mimi mkwe. Na yeye hawezi, ameambiwa unalia, atakuwa mtu mzima gani akikuliza tena? Ni wewe tu, mwanangu. Utani una watu wawili. Mjibu."

"Kwa Kiswahili?" Nusaiba alikunja uso kama amepewa limau. "Kiswahili changu kibovu. Atanicheka."

"Ndiyo kazi yake."

Jioni, kwenye nyumba ndogo ya wageni waliyopanga karibu na hifadhi, Nusaiba alijaribu. Bi Tabia alikuwa amepika chai kwa mikono yake, ya tangawizi ya kuunguza koo. Mtoto akanywa, akaweka kikombe mezani kwa kishindo. Zabibu alimwona anayapanga maneno.

"Bibi," alisema kwa Kiswahili, uso mkavu kabisa, "chai yako mbaya."

Hakukuwa na utani hata chembe ndani ya neno lile. Lilitua kama sahani iliyoanguka.

"Nusaiba!" Burhani akafoka. "Ndiyo adabu hiyo? Omba radhi!"

"Mwache," Bi Tabia akasema kwa upole. "Kasema kweli. Tangawizi imezidi. Samahani mwanangu, kesho nitapunguza."

Nusaiba aliinuka akaingia chumbani. Zabibu alikusanya vikombe, na vilikuwa vizito.

Asubuhi yake waliingia hifadhini jua likiwa limepanda kidogo. Njia ya mbao ilikwenda juu ya mawe mpaka kwenye vizimba vya kutazamia, na kabla hujaona chochote ulisikia: ngurumo ya chini kwa chini, inayoingilia kwenye nyayo. Kisha wakafika kwenye uzio wa kwanza.

Mto ulikuja kutoka jangwani mpole, umetandaa, una vichaka na ndege kama mito mingine. Halafu ardhi ilipasuka. Maji yote yale yalijikusanya yakajitupa ndani ya ufa wa jabali, meupe, yakipiga kelele, na kule chini yakaendelea kati ya kuta za mawe ya kahawia na waridi zilizosimama wima mpaka macho yaishie. Hapakuwa na mti juu ya kuta zile, wala nyumba, wala kivuli. Mawe matupu, na mbingu.

Bi Tabia alishika uzio kwa mikono yote miwili. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Mama, vipi?" Burhani aliuliza. Aliona fahari kama ni yeye aliyechimba.

"Nilidhani jangwa ni mahali ambapo maji hayapo," Bi Tabia akasema. "Kumbe yanajificha chini."

Walikwenda kutoka kizimba hadi kizimba. Ishaka aligundua pimbi, wale wanyama wanene kama sungura wasio na masikio, wanaota jua kwenye majabali kama wazee wa kijiweni, na akamsalimia kila mmoja shikamoo. Mijusi ya rangi, buluu kichwani na machungwa mkiani, ilikimbia juu ya mawe. Burhani alipiga picha za kila mtu na kila jiwe. Alimpanga Nusaiba karibu na bibi yake, na wote wawili walisimama wima, mikono pembeni, wakatabasamu kama kwenye picha ya pasipoti.

Adhuhuri ilipoingia, Bi Tabia akachagua jabali pana lililo tambarare, mbali kabisa na ukingo, nyuma ya kizimba cha mwisho. Akavua makubadhi yake, yale ya ngozi yaliyoshonwa kwa mkono na kutiwa nakshi nyekundu, akayapanga kando, akatandika kanga. Burhani akasali mbele yake, Zabibu ubavuni. Ishaka na Nusaiba wakaambiwa wasubiri pale pale, wasisogelee uzio. Ilikuwa sala ya safari, fupi. Zabibu hakusikia chochote isipokuwa ngurumo ya maji.

Walipotoa salamu, makubadhi hayakuwepo.

"Nyani!" Burhani akaruka. Langoni kulikuwa na bango la kuwatahadharisha watu na nyani wezi. Akaokota kijiwe, akaanza kukimbia huku na huku. "Nimewaona kule kwenye miti! Ishaka, nyani wamepita wapi?"

Ishaka alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mashavu yamevimba kwa kicheko. Akaonyesha kwa kidevu.

Nusaiba alikuwa amesimama juu ya jiwe dogo upande wa pili wa jabali, karibu na mahali njia ya mbao inapoanzia. Kila mkono una kubadhi moja.

"Nusaiba!" Burhani akapaza sauti. "Una wazimu? Unachukua viatu vya bibi yako yumo kwenye sala? Lete hapa!" Akaenda kwa hatua ndefu, mkono umekwisha kuinuka.

Zabibu hakufikiri. Alimdaka mumewe kwa mkono wa shati, akavuta mpaka kifungo kikaruka. "Usiingilie."

"Nini?"

"Nasema usiingilie, baba Nusaiba. Hayakuhusu."

Bi Tabia aliinuka polepole kutoka kwenye kanga. Alisimama juu ya jabali pekupeku, mzee mfupi aliyezungukwa na mawe pande zote, akamtazama mtoto. Akanyoosha mkono.

"Nipe viatu vyangu, mwanangu," akasema kwa upole ule ule.

Zabibu aliona mabega ya binti yake yakishuka. Aliona jinsi upole ule ulivyompiga, na jinsi mkono wenye kubadhi ulivyoanza kuteremka. Kidogo tu, angerudisha. Angeomba radhi, wangerudi kwenye gari, na Jumapili wangepeana mikono uwanja wa ndege.

Nusaiba akapandisha mkono tena.

"Mimi si mwanao," alisema. Sauti aliisukuma, ikatoka kwa nguvu mpaka pimbi wakainua vichwa. "Mimi ni mke mwenzio!"

Maji yalinguruma. Burhani alifungua mdomo, Zabibu akamkanyaga mguu.

Na Bi Tabia akapiga kigelegele. Kilimtoka kooni chenyewe, kirefu, kikali, mzee wa watu mikono kichwani, na kilipoisha alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa pembe ya mtandio.

"Ala!" akasema alipopata pumzi. "Kumbe umo humu! Mimi nikidhani nimeletewa mtoto wa jirani! Lete makubadhi, mwizi wewe."

"Yakomboe."

"Niyakomboe kwa nini? Pipi? Nguo?"

Nusaiba akafikiri. Maneno alikuwa anayachota mbali, lakini alikuwa anayapata. "Unitukane. Kama kwanza. Tusi moja, kiatu kimoja."

Mtu na mkewe Wazungu, na kamera shingoni, walikuwa wamefika kwenye njia ya mbao. Walisimama, wakaona bibi pekupeku na mtoto anayemtishia kwa viatu, wakaamua kutazama korongo.

Bi Tabia akasogea mbele hatua mbili, akaweka mikono kiunoni, akakohoa kama anayepanda jukwaani. "Haya sikiliza. Wewe mke mwenza una shingo ya birika, sauti ya mlango wa stoo, na miguu kama miiko ya kuazima, haifanani. Watu huniuliza, Bi Tabia, mumeo alimpendea nini yule? Huwaambia, siku aliyomwoa, miwani ilikuwa kwa fundi!"

Nusaiba alipasuka. Alicheka mpaka akachuchumaa juu ya jiwe, na kubadhi moja likamponyoka likaanguka kwenye jabali. Bi Tabia akalifuata, akaliokota, akalivaa.

"Na wewe," Nusaiba akasema katikati ya kicheko, kidole kimenyooka, "wewe alikuoa umeme umekatika!"

"Yarabi!" Bi Tabia akamgeukia mkwewe kwa mara ya kwanza, macho yanawaka. "Umesikia, Zabibu? Umesikia alichoniambia huyu?"

"Nimesikia, Mama," Zabibu akajibu.

"Tusi la pili," Nusaiba akadai, kubadhi lililobaki kifuani.

Bi Tabia akaliweka sawa kubadhi la mguuni. Upepo ulipeperusha ukingo wa buibui. Kisha akatikisa kichwa. "Silitoi."

"Basi kiatu hupati."

"Kaa nacho."

"Mama!" Burhani alishindwa kuvumilia. Alikuwa bado anatafuta kifungo chake kati ya mawe. "Jumapili unasafiri. Utapandaje ndege na kubadhi moja?"

"Nitapanda na ndara. Hili jingine nitakuja kulikomboa mwenyewe, tusi lake likishaiva. Huyu si mtu wa kutukanwa haraka haraka. Huyu anataka kupikiwa."

"Si ulisema ndege hupandi tena? Magoti?"

"Nilisema sipandi kuja kuwaona. Mmeshaonekana, mna nini kipya? Sikusema sipandi kuja vitani."

Burhani alimtazama mkewe, kama mtu aliyefungua simu akakuta ndani kuna mashine asiyoijua. Zabibu alikunja kanga ya kusalia. Ilimchukua muda kuikunja, kwa sababu hakuwa anaiona vizuri.

Wakaanza kurudi. Ishaka alitangulia na baba yake, anawaaga pimbi. Nyuma yao alikwenda Bi Tabia, mguu mmoja una kubadhi na mwingine mtupu, anachechemea juu ya mbao zilizopata moto wa jua, na kila alipokanyaga kwa mguu mtupu alimwegemea Nusaiba begani, na kila alipomwegemea alimsuta. Kubadhi la pili lilikuwa limechomekwa kwenye koti la mtoto, kisigino kimechungulia. Zabibu aliwaacha watangulie. Alitembea mwisho kabisa, umbali wa heshima, mtandio mdomoni.

"Punguza mwendo, pimbi wewe," alimsikia Bi Tabia.

"Wewe ndiye mzee."

"Mzee ni mumeo!"